Nyumba ya kukokotwa: maswali tuliyomtumia ndugu yetu wa Marekani kabla hajatoa pesa

Mwaka huu jamaa letu limejifunza neno jipya la Kiingereza: toy hauler. Ukilitafsiri, ni mbebaji wa vitu vya kuchezea. Lakini kitu chenyewe hakina mchezo ndani yake, kwa sababu mtoto wa shangazi yangu alitaka kukigeuza nyumba yake ya kila siku, na chakula cha watu saba hapa kwetu kinategemea mfuko wake.

Nieleze kwanza ni kitu gani. Ni remoriki, yaani tela ya kuvutwa na gari, ambayo ndani yake ni nyumba: kitanda, jiko la gesi, choo, bafu ndogo, meza. Tofauti yake na remoriki nyingine za kulala ni upande wa nyuma. Ukuta wa nyuma unashuka chini kama daraja, na mtu anapandisha moto yake, au ile moto ya magurudumu manne, hadi ndani. Kwenye zile ndogo, chumba cha moto na chumba cha kulala ni kimoja. Moto ikitoka, viti na vitanda vinakunjuliwa kutoka ukutani, na mahali hapo panakuwa sebule. Wamarekani wengi wanaitumia wikendi kwenda kucheza na moto jangwani au msituni. Kwa ajili hiyo waliipa jina hilo.

Mdogo wangu (ni binamu, lakini tumelelewa katika nyumba moja) alitoka Masisi akiwa kijana, akakaa miaka mingi katika kambi ya Nakivale, Uganda, kisha akachukuliwa Marekani pamoja na Wakongo wengine. Leo yuko katika jimbo la Iowa na mke wake. Kazi yake ni kufunga paneli za umeme wa jua. Eneo moja likiisha baada ya miezi mitatu au minne, bosi anawahamisha eneo lingine, pengine jimbo lingine. Hapo analipa nyumba mbili: ile ya mjini ambayo hakai, na chumba cha hoteli karibu na kazi. Akapiga hesabu, akasema: yaya, nikinunua remoriki ndogo nitabeba nyumba yangu, vifaa vyangu na moto yangu, na pesa ya hoteli itabaki.

Hesabu hiyo ilinipendeza. Aliyelia ni shangazi.

Shangazi aliishi Bulengo, chini ya turubai, hadi mwanzoni mwa mwaka 2025 wakati kambi zilizozunguka Goma zilipobomolewa. Tangu hapo tunakaa naye katika nyumba yetu ya mbao. Aliposikia kwamba mwanawe anataka kuacha nyumba ya matofali aingie katika kitu chenye magurudumu, aliuliza swali moja tu: « Mwanangu, amekuwa mkimbizi tena? » Nilimweleza kwamba ni yeye mwenyewe anachagua. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema kuchagua si kitu kama mtu hajui anachokichagua, kwa hiyo mimi ninayelipwa kwa kuuliza maswali, niulize.

Basi niliuliza. Kwa majuma sita, kila mega niliyoipata ilikwenda huko. Nilisoma vitabu vya watengenezaji, nilizungumza na fundi wa magari makubwa hapa Birere, na na Wakongo wawili wanaoendesha malori huko Marekani. Maswali tuliyomtumia ni haya. Ninayaandika hapa kwa sababu mengi yanamhusu hata mtu ambaye hataliona jimbo la Iowa maisha yake yote.

La kwanza: gari lako linaweza kubeba nini, mbali na kuvuta?

Matangazo ya magari yanapenda namba moja kubwa: pikapu hii inavuta tani nne. Ni kweli inavuta. Lakini remoriki haivutwi tu, inaegemea pia. Pua yake inakaa juu ya mkia wa pikapu, na uzito huo wa pua unahesabiwa kama mzigo ambao pikapu imeubeba mgongoni. Mafundi wanashauri pua ichukue kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa remoriki. Ikiwa remoriki iliyojaa ina kilo 2.850, pua inaweza kuwa na kilo 285 hadi 427.

Mzigo ambao pikapu inaruhusiwa kubeba umeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mlango wa shofere. Pikapu ya mdogo wangu inasema karibu kilo 700. Tukatoa watu wawili, kilo 150. Chuma cha kuungia remoriki, kilo 40. Masanduku ya vifaa nyuma, kilo 100. Zimebaki 410, na pua inataka nafasi yake humo humo. Remoriki ya kwanza aliyoipenda ilikuwa mpya, ndefu ya mita nane, nzuri kama saluni ya harusi, yenye ruhusa ya kufika kilo 4.000. Asilimia 13 tu ya uzito huo ni kilo 520. Pikapu yake ilikuwa imeshindwa kabla ya kuwasha moteri. Muuzaji alimwambia pikapu inavuta bila shida. Muuzaji hakudanganya, ila alijibu swali lingine.

La pili: remoriki yenyewe imebakiza kilo ngapi?

Kila remoriki ina uzito wake ikiwa tupu, na uzito wa mwisho ambao isipite. Ukitoa wa kwanza kwenye wa mwisho, unapata ruhusa ya mizigo yako. Mtu wa wikendi anabeba nguo mbili na chakula cha siku tatu. Mtu anayeishi humo anabeba maisha yake yote: sufuria, blanketi za baridi, unga, karatasi za uhamiaji, viatu vya kazi. Na maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, hakuna ujanja. Mama yeyote wa Goma aliyebeba bidoni ya lita 20 kutoka ziwani anaijua hesabu hiyo kwa shingo yake.

Remoriki ya pili, iliyotumika, mita sita, ilikuwa na kilo 2.050 ikiwa tupu na mwisho wake 3.200. Ruhusa ni 1.150. Tukaandika: moto 150, vifaa 120, maji 150, chupa mbili za gesi 35, betri 45, vitu vya nyumbani 300. Jumla 800. Imebaki 350, na hiyo ndiyo nafasi ya kupumua, kwa kuwa vitu vya nyumbani huwa vinaongezeka tu. Aliyekimbia na kifurushi kimoja, baada ya mwaka mmoja ana vifurushi sita. Hatujui vinatoka wapi.

La tatu: uzito umekaa wapi?

Hapa watu wa chukudu walinisaidia kuliko kitabu. Nilikwenda kuwauliza vijana wanaopumzika karibu na mnara wa chukudu ya dhahabu. Mmoja alisema bila kufikiri: gunia likikaa nyuma sana, usukani unakuwa mwepesi, na kwenye mteremko chukudu inaanza kucheza dansi yake. Remoriki ni vile vile. Pua ikiwa nyepesi, mkia unaanza kuyumba kulia na kushoto, na ukiwa na mwendo mkubwa mkia unaishika pikapu na kuigeuza. Katika toy hauler moto inakaa nyuma ya magurudumu, kwa hiyo inanyanyua pua.

Watengenezaji wanalijua hilo, na ndiyo maana wengi wanaziunda ziwe na pua nzito zikiwa tupu. Lakini hapo kuna mtego wa pili. Mdogo wangu siku nyingine atasafiri bila moto. Tulikadiria kwamba pua itapanda kutoka kilo 370 hadi karibu 445. Ongeza watu, chuma na vifaa: 735. Pikapu inaruhusu 700. Dawa yake ni rahisi kama unaijua mapema: siku ambayo moto haipo, masanduku ya vifaa yanatoka kwenye pikapu na kukaa mahali pa moto. Mgongo wa pikapu unapungukiwa na kilo 100, na pua inashuka pia.

Makadirio peke yake hayatoshi. Huko kuna mizani ya malori katika vituo vikubwa vya mafuta barabarani. Tulimwomba apime pikapu peke yake, kisha aiunge na remoriki na kupima tena magurudumu ya pikapu. Kilo zilizoongezeka ndizo uzito wa pua. Muuzaji akikataa remoriki ipelekwe mizanini, basi amekwisha kukujibu.

La nne: itasimama namna gani?

Remoriki ya uzito huo inaomba freni zake zenyewe, na ndani ya pikapu kuwe na kifaa cha kuziamuru. Kazi ya kifaa hicho inaonekana zaidi siku ya kuyumba. Mtu akiogopa anakanyaga freni ya gari kwa nguvu, na hapo anaongeza ubaya. Inafaa kuachia mafuta, kushika usukani sawasawa, na kwa mkono kuamsha freni za remoriki peke yake ili iivute pikapu kwa nyuma na kuinyoosha. Mdogo wangu alifanya zoezi hilo mara kumi, polepole, katika uwanja mtupu.

Halafu pine. Kwenye ubavu wa pine kuna namba zinazoishia na tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, pine hiyo ilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Pine za remoriki mara nyingi zinazeeka kwa kukaa bila kutembea: meno yake yanaonekana mapya, lakini mpira umekauka na kupasuka ndani. Nililitangaza hili redioni, na kesho yake madereva wawili wa Noah walinipigia simu kuuliza wasome upande gani. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko upande wa ndani wa pine. Ingieni chini ya gari mtazame.

La tano: hewa unayoivuta usiku ni ya nani?

Swali hili lilitoka kwa shangazi. Alipoelewa kwamba moto inalala chumba kimoja na watu, alisimama. « Petroli ndani ya nyumba? Huko hakuna mazuku? »

Sisi wa Goma tunajua mazuku: ile hewa nzito inayotoka ardhini, inayojaa katika mabonde na mashimo, na kuua mbuzi, mtoto, na mtu aliyeinama kuokota kitu. Mazuku ni gesi ya kaboniki, nzito kuliko hewa, kwa hiyo inakaa chini. Shangazi hakusoma kemia, lakini alikuwa na haki kabisa, kwa kuwa mvuke wa petroli na gesi ya kupikia vinafanya hivyo hivyo. Vyote ni vizito kuliko hewa, vinatambaa sakafuni vikitafuta cheche ya moto. Tofauti ni kwamba mazuku inakunyima pumzi, na hivi vinalipuka.

Kuna adui wa tatu, moshi usioonekana wa moteri, wa jenereta na wa makala, ambao hauna harufu. Huo unachanganyika na hewa ya chumba chote, na mtu anasinzia bila kuamka. Huko wanaweka vifaa vinavyolia vikisikia hewa mbaya: kimoja cha gesi, karibu na sakafu, na kingine cha moshi huo, karibu na mahali pa kulala. Vina tarehe ya mwisho wa kazi. Kwenye remoriki ile iliyotumika, vyote viwili vilikuwa vimepita muda wake. Mdogo wangu alinunua vipya kabla ya godoro. Na katika nyumba ile pakawekwa sheria mbili: moto inalala nje, imefunikwa na kufungwa kwa mnyororo, na bidoni ya petroli haiingii ndani hata mara moja.

Ninyi mnaolala na babula ya makala chumbani juu ya baridi ya usiku, na ninyi wauzaji wa kadhafi mnaoficha bidoni chini ya kitanda kwa kuogopa wezi, maneno haya ni yenu pia. Sisi hatuna kifaa cha kulia. Babula itoke nje kabla ya watu kulala, hata kama makala bado ni mekundu.

La sita: baridi na maji.

Iowa wakati wa baridi inaweza kushuka chini ya sifuri kwa digrii 20 na zaidi. Remoriki nyingi zina kuta nyembamba. Mabomba yakiganda yanapasuka, na tangi la choo likiganda, yanayofuata ninawaachia mfikiri. Kwa hiyo aliuliza kama chini ya sakafu pamefungwa, kama joto linafika kwenye matangi, na kama vioo ni vya tabaka mbili. Jibu kwa remoriki yake lilikuwa: pamefungwa, joto linafika kidogo, vioo ni vya tabaka moja. Akaamua kwamba kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili ataomba maeneo ya kusini, na bosi amekubali kwa mwaka huu.

Maji ya mvua ni jambo lingine. Remoriki iliyotumika haizeeki kwa moteri, kwa sababu haina moteri. Inaozeshwa na maji yanayopenya juu ya paa. Alitembea ndani bila viatu akikanyaga pembe zote, akasukuma kuta kwa kiganja, akafungua makabati na kunusa. Mahali palipo laini, ubao umekwisha kuoza. Mkaaji yeyote wa nyumba ya mbao anaweza kufanya kazi hiyo kuliko injinia.

La saba: karatasi.

Huku mtu akihama, anahama. Huko mtu asiye raia anapaswa kuijulisha ofisi ya uhamiaji anwani yake mpya ndani ya siku 10. Mdogo wangu bado hajapata uraia, kwa hiyo nyumba inayotembea inaweza kumletea shida ambayo Mmarekani jirani yake haijui. Tulimshauri amuulize mwanasheria kwanza, na alifanya hivyo. Tena, miji mingi inakataza mtu kuishi ndani ya remoriki iliyosimama uani kwa rafiki, na kampuni nyingine zinaandika katika garanti kwamba haihesabiki kama mtu anaishi humo mwaka mzima. Hata bima inataka kujua: ni ya wikendi au ni ya kila siku? Ukificha, siku ya ajali hulipwi.

Na mkopo. Ile mpya ya mita nane wangempa kwa deni la miaka mingi. Remoriki inapungua bei tangu siku inapotoka kwa muuzaji, lakini deni halina haraka ya kupungua. Ile ya mita sita aliweza kuilipa kwa akiba yake bila kukopa. Nilimwambia wazi mbele ya mama yake, simu ikiwa kwenye sauti kubwa: ukichukua ile kubwa, dola 100 unazotuma kila mwezi zitakatika, na sisi tutaelewa, lakini utuambie leo ili tujipange. Alinyamaza, akasema atafikiri. Mke wake ndiye aliyejibu kwanza: yeye anataka ndogo, kwa sababu ndiye atakayeifagia.

Walinunua ile ndogo mwezi uliopita. Mizanini ilionyesha kilo 2.910 ikiwa imejaa, 60 zaidi ya hesabu yetu. Tulipotafuta zilikotoka, ilikuwa mifuko miwili ya unga wa muhogo na kinu cha kutwangia ambacho mke wake alikataa kuacha. Kinu kilihamishwa kutoka nyuma kikawekwa juu ya magurudumu, pua ikarudi sawa.

Shangazi ametumiwa foto. Alizitazama moja moja akitumia kidole kuzikuza, akauliza choo kiko wapi, moshi wa jiko unatokea wapi, na mlango unafungwa kwa ufunguo wa namna gani. Alipofika kwenye kile kitanda cha nyuma kinachoshuka kutoka ukutani mahali pa moto, akauliza kinaweza kubeba kilo ngapi. Nimeuliza. Bado tunasubiri jibu.